Kozi ya mafundi wa shifti: tutoze kwa kichwa au kwa kundi?
Wakuu, naomba ushauri. Kitengo chetu cha kozi fupi chuoni kinaandaa mafunzo ya matengenezo ya mota za umeme kwa mafundi 24 wa kiwanda kimoja. Krediti 10, yaani saa 100 kwa hesabu ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Kati ya hizo, saa 40 ni za darasani na karakana. Shifti zao tatu zinazunguka kila wiki, kwa hiyo darasa la saa 11 jioni hukosa theluthi ya watu, na aliyekosa somo la kupima insulesheni (kihami cha nyaya za mota) hawezi kufuata la kutafuta hitilafu. Tukifundisha kila somo mara mbili, asubuhi na jioni, malipo ya mkufunzi yanakuwa maradufu. Mliowahi kufanya hivi, mnatoza kwa kichwa au kwa kundi zima? Na mkataba useme nini ili msimamizi asimwite fundi katikati ya kipindi?