MREJESHO: ile bia nyeusi ya hopsi iliyonishinda

Wakuu habari, wiki mbili nyuma niliuliza kwa nini black IPA (bia nyeusi yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) niliyonunua hapa Portland, Oregon, ilikuwa chungu kama majivu, mkaniambia niangalie tarehe ya kujazwa na nisiinywe ya baridi kali. Nikaenda kucheki chupa ya kwanza, miezi nane! na ilikuwa imekaa kwenye shelfu yenye taa, sio kwenye friji. Hopsi inakufa hapo jamani, harufu inaondoka unabaki na uchungu tu.

Juzi nikaenda kwenye kiwanda chenyewe kidogo, nikachukua kopo la wiki hiyo hiyo, nikaliacha nje ya friji kama dakika 20 alafu nikamimina kwenye glasi pana. Nyeusi tii, povu rangi ya kahawa ya maziwa. Ukiinusa unapata ganda la balungi na msonobari, ukifumba macho huwezi amini ni bia nyeusi, kahawa na chokleti vinakuja mwishoni kabisa tena kwa upole. Mpishi wa bia akanieleza wanatumia shayiri iliyokaangwa baada ya kutolewa maganda, ndo maana rangi ipo ila ule ukali wa kuungua haupo. Hopsi ni aina ya Cascade kutoka Yakima, hapo jimbo jirani la Washington, bonde linalotoa kama robo tatu ya hopsi yote ya Marekani.

Aliyenishauri kuhusu tarehe, ahsante sana kaka. Nimebeba makopo manne, yote yako kwenye friji.