Nirudishe injini ya kwanza ya Morris ya baba, au niache ya Datsun?

MwanaWaMzee:
Wakuu, salamu. Marehemu baba alituachia Morris Minor Traveller ya 1964, ile yenye mbao ubavuni. Injini yake ya cc 1098 ilipochoka na kuanza kunywa oili, spea zilikuwa haba, akaifungia ya Datsun 1200 akisaidiwa na fundi wa Grogan, kule kwenye magereji ya Nairobi. Nilikuwa mdogo, nikishika tochi. Ya zamani iko stoo Murang'a chini ya magunia. Juzi niliifuta grisi nikasoma namba, inaanza na 10MA.

Natamani kuingia Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse, Nairobi. Rafiki yangu anasema bila cheti cha kiwanda gari si orijino, nitaaibika mbele ya majaji. Roho inaniuma kung'oa kazi ya mikono ya mzee. Nifanyeje?

Spana14:
Pole kwa mzee. Rafiki yako amechanganya mambo. Ferrari ndio hukagua gari lenyewe: chesi, injini, giaboksi, bodi, vyote vilingane na kumbukumbu za kiwanda chao cha Maranello, Italia, ndipo cheti kitoke. Ndiyo maana wenye magari hayo wanaogopa kugusa hata parafujo kabla ya maonyesho. Kwa Morris, cheti hutoka makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, na hakuna anayekuja kutazama gari. Wananakili daftari la kiwanda tu: liliundwa lini, lilikuwa na rangi gani, lilitoka na injini namba gani. Agiza, ujue kama ya Murang'a ndiyo yenyewe.

DadaWaNgong:
Nimeshiriki pale, na hakuna aliyeniomba cheti. Majaji wanatazama usafi na hali ya gari, mpaka uvunguni. Wewe hangaikia mbao, kaka. Kwenye Traveller mbao ndizo zinazobeba bodi ya nyuma, si pambo. Maji hutuama chini ya vioo vya ubavuni, na uozo huanzia hapo. Dunga na bisibisi. Ikizama, una kazi kubwa kuliko injini.

FundiMkongwe:
Hizo injini zina undugu kidogo, maana Nissan, wenye Datsun, waliunda magari ya Austin, ndugu wa Morris, kwa leseni miaka ya 1950. Swali langu: mzee alikata chuma popote ili iingie? Kama hakukata, unaweza kurudisha siku yoyote, hakuna haraka. Na logbook, ile hati ya usajili wa gari, inasema injini gani?

MwanaWaMzee:
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Hakukata, alitengeneza mabano ya kushikia, bado yana alama za tupa yake. Lakini logbook ina ile 10MA ya stoo!

FundiMkongwe:
Basi anza na NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, wasajili injini iliyomo. Hilo ndilo litakalokusumbua barabarani. Ya Murang'a imwagie oili kwenye silinda, uizungushe kwa mkono polepole isigande.

MwanaWaMzee:
Asanteni sana. Datsun inabaki. Jumamosi naenda na oili, na bisibisi ya kudunga mbao nimeshaiweka mfukoni.