Tupeane uzoefu: kasoro za mshono unapochomelea chuma kwa rodi

Mwenye mada
Wakuu, kila mtu alete kasoro anayoifahamu: inavyoonekana, chanzo na dawa yake. Tusiishie kwenye "ongeza moto". Taja aina ya rodi, kipenyo na ampea ili msomaji aweze kujaribu.

Naanza na mshono usioshika, maana ndio hatari kuliko zote. Kwa nje unaweza kupendeza. Dalili yake ni mshono uliopanda juu kama kamba iliyolazwa kwenye sahani, kingo zake zimejikunja bila kuzama kwenye chuma. Chanzo ni ampea ndogo, mwendo wa haraka, au rodi kuelekezwa upande mmoja tu wa kiungo. Kwa E6013 (aina ya rodi, kama E7018 na E6010 zitakazotajwa) ya mm 2.5 cheza kati ya ampea 60 na 90. Ya mm 3.2 kati ya 90 na 130. Sahani ikizidi mm 6, piga grinda kingo zote mbili hadi mfereji uwe na pembe ya nyuzi 60 hivi, kisha acha mwanya wa mm 2.5 hadi 3 chini.

Kujipima: chomelea vipande viwili kwa umbo la T, upande mmoja tu, halafu kigonge kile kilichosimama kwa nyundo nzito ili kilalie upande wenye mshono mpaka uvunjike. Angalia penye mvunjiko. Ukikuta uso laini wa sahani ya awali, pengine hata alama za grinda bado zinaonekana, hapo chuma hakikuyeyuka kabisa.

Mchangiaji wa 2
Vitundu. Kabla ya kugusa mashine, tazama vimekaa wapi. Vikienea mshono mzima, shaka uchafu (kutu, rangi, mafuta), rodi zenye unyevu, au upepo unaopeperusha gesi inayokinga dimbwi (chuma kilichoyeyuka). Vikiwa mwanzoni mwa kila rodi tu, hasa E7018, tatizo ni namna ya kuwasha. Washia mm 10 hadi 15 mbele ya pale mshono unapoanzia, rudi nyuma upesi, kisha endelea mbele upite juu ya ulipowashia ili payeyuke upya. Umbali wa ncha na chuma usizidi kipenyo cha waya wa rodi, na kwa E7018 uwe mfupi zaidi ya hapo.

E7018 zikishafunguliwa zikae kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi. Ila tafadhali, E6010 msizitie humo! Ganda lake linahitaji unyevu kiasi ili lifanye kazi. Ukilikausha, rodi inaharibika.

Mabati na bomba zenye zinki: ondoa zinki walau mm 25 kila upande wa kiungo. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka, kwa hiyo hewa ipite na barakoa ya moshi ivaliwe.

Mchangiaji wa 3
Slagi (ganda linalotokana na rodi na kufunika mshono) kunaswa ndani, hii inastahili maelezo. Mara nyingi kosa limo kwenye mshono wa kwanza: ukitoka na mgongo uliotuna, pembeni mwake zinabaki korongo mbili nyembamba. Slagi inajibana humo, nyundo haiifikii, na mshono wa pili unaifunika. Kwa hiyo gonga, piga brashi ya waya, kisha saga mgongo kwa grinda mpaka korongo zifunguke. Ndipo upande juu.

Wakati wa kuchomelea slagi ibaki nyuma ya dimbwi. Ikikupita mbele, laza rodi nyuzi 10 hadi 15 kuelekea unakokwenda, yaani ncha itazame mshono uliokwisha kuuweka, fupisha umbali, ongeza ampea 5 au 10. Kuchomelea ukishuka mteremko ndiko kunakosumbua zaidi, hasa kwa E6013, kwani slagi yake ni ya majimaji. Inua upande mmoja wa kazi ili uchomelee ukipanda kidogo.

Iliyokwisha kunaswa haitoki kwa kuchomelea juu yake. Saga mpaka chuma king'ae.

Mchangiaji wa 4
Kuchimbika pembeni (chuma kuliwa kando ya mshono): ampea nyingi, umbali mrefu, au mkono kutotulia kwenye kingo. Ukipanda wima punguza ampea kwa asilimia 10 hadi 15, pita katikati haraka, tua kila upande mpaka shimo lijae. Kurekebisha, safisha kisha pitisha rodi ya mm 2.5.

Mchangiaji wa 5
Aki (moto wa umeme kati ya ncha ya rodi na chuma) ikiyumba yenyewe na kurusha matone kwenye kona, wakati ampea ziko sawa, ni sumaku ya umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu). Hamisha klampu ya ethi, fupisha aki, au tumia AC (umeme unaobadili mwelekeo) kama rodi inaruhusu.

Nyufa ndogo mwishoni mwa mshono zinatokana na kukata moto ghafla. Ukifika mwisho, rudi nyuma mm 10 hivi, jaza shimo, ndipo unyanyue. Ufa ukishatokea usage wote hadi mizizi, na usipoze kazi kwa maji. Kwenye chuma kinene au chenye kaboni nyingi kagua tena baada ya saa 48, kwa sababu ufa unaoletwa na haidrojeni iliyoingia kwenye chuma huchelewa kujitokeza.