Futari ya mtia nia: sadaka au rushwa?

Wa Makorora:
Assalaam alaykum, na habari zenu wana Tanga. Hili nalileta hapa kwa kuwa barazani lilitushinda mpaka kahawa ikapoa. Ramadhani moja, kura zikinukia, msikiti wetu wa mtaani ulishushiwa futari na mtia nia, yaani mtu anayetaka kugombea. Masinia, tende kwa katoni, mihogo ya nazi, na kijana wake kasimama mlangoni anatutajia jina la aliyetoa hata viatu hatujavua. Mzee mmoja akasema sadaka haiulizwi. Mimi nasema hii inaulizwa.

Wapo wanaodhani ukali huu tumeletewa na Wazungu kupitia mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa wa 2003, ambao Tanzania iliuridhia 2005. Lakini kesi ya takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilikuwa yetu wenyewe. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye Sheria ya Uchaguzi kwamba ukarimu wa kawaida au wa kimila, ukifanywa kwa nia njema, si rushwa. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikafutwa: vinampendelea mwenye nacho, vinavunja ibara ya 13 na ya 21 za Katiba.

Na kabla ya Katiba yoyote, Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka kwa Banu Sulaym. Karudi, akagawa mafungu: hiki chenu, hiki nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza, mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi? Kipimo hicho hakihitaji wakili. Mgeuzie mtia nia wetu: mwaka usio na kura, alileta hata kokwa ya tende?

Wa Chumbageni:
Kaka, umechanganya. Ibn al-Lutbiyya alikuwa mtumishi, tena alipokea. Huyu hana cheo, anatoa, na anatoa chake. Nia yake umeiona wapi? Halafu ibara ya 19 imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Tukianza kuhukumu uchaguzi kwa hadithi, jirani yangu Mkristo tutamwambia nini? Na wale yatima waliofuturu siku ile, kesho utawalisha wewe?

Wa Ngamiani:
Mie mama lishe, nitasema ya jikoni tu. Nilishapikia shughuli ya namna hiyo. Oda ilikuja na masharti: sinia lisitoke mpaka mgeni amalize kuzungumza, na mlangoni waandikwe majina na namba za kadi za kura. Jamani, sadaka gani inataka namba ya kadi? Nilipika, sisemi uongo, ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa.

Wa Makorora:
Dada wa Ngamiani, hapo kwenye kadi umemaliza nusu ya ubishi wangu. Nia haionekani, daftari linaonekana.

Wa Chumbageni, nakubali, kisa kile ni cha mpokeaji. Basi chukua kingine: Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake, wote wawili. Sheria yetu ya rushwa ya 2007 nayo inawashika wote. Sidai jaji asome hadithi mahakamani; Mahakama Kuu 2006 haikuihitaji, ilitoka na hoja ya usawa, na jirani yako Mkristo usawa huo ni wake pia. Yatima wapo miezi kumi na miwili. Mwenye huruma nao ampe imamu gunia la mchele kimyakimya, kura zikishapita.

Ila mzee wa barazani kanishika pabaya. Kaniuliza: siku ile wewe ulifuturu wapi? Ile mihogo nilikula, tena nikaongeza.