Mliomuuzia mama mdogo "maji ya pembe sita" hapa Mtwara, njooni mnijibu

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nitoe la moyoni.

Mama yangu mdogo anaishi Chuno. Mwaka huu alikutwa na saratani ya titi, akaenda Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, akaanzishiwa dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Karudi nyumbani kusubiri dripu inayofuata, wakamfuata mabwana wawili na begi la magurudumu. Wakamwambia seli za saratani zimekauka, zimefunga milango, maji ya bomba hayaingii. Ya kwao eti molekuli zake, yaani chembe ndogo kabisa za maji, zimepangwa "pembe sita", yanapenya seli na kuizima saratani. Dumu la lita 5 ni shilingi 80,000. Kanunua manne, hela ya korosho yote. Na kwa kuwa walimwambia kemo ndiyo inayokausha seli, akaruka dripu mbili! Sisi tumejua juzi tu, tulipokuta madumu chini ya kitanda yamefunikwa kanga kama mali ya magendo.

Mimi nafundisha bailojia sekondari. Walichokichafua ndicho ninachokiandika ubaoni kila mwaka.

Hiyo milango yenu. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, na maji huyapenya kwa kusuasua. Penye haja ya kasi, kama kwenye figo na seli nyekundu za damu, kuna protini ziitwazo akwaporini, yaani vijitundu vya kupitisha maji. Peter Agre na wenzake kule Marekani walilithibitisha hilo mwaka 1992 kwa mayai ya chura. Yaliyotengeneza protini hiyo, yakitiwa kwenye maji yenye chumvi kidogo mno, yalivimba hadi yakapasuka. Yasiyo nayo yakatulia tuli. Agre akatunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2003.

Sasa sikilizeni vizuri. Kijitundu kile ni chembamba hivi kwamba molekuli za maji hupita moja moja, kwa foleni, kiasi cha bilioni 3 kwa sekunde. Yapangeni pembe sita, pembe nane, umbo la kibaragashia, pale mlangoni yatapanguliwa tu. Wala hayafiki huko yakiwa yamepangwa: humo humo ndani ya dumu molekuli zinashikana na kuachiana kabla hata jicho halijaanza kupepesa.

Tena maji hayaingii kwa kubembelezwa. Yanafuata upande uliokolea chumvi au sukari zaidi. Bibi yeyote wa Mikindani aliyewahi kutengeneza ng'onda anajua: mpake samaki chumvi, uone maji yanavyomtoka. Hakuhitaji begi la magurudumu.

Na hilo la "zimekauka" ndilo lililonichefua kabisa, maana ni kinyume chake. Uvimbe wa saratani kwa kawaida una maji mengi kuliko nyama isiyo na ugonjwa inayouzunguka. Saratani za aina nyingi, ya titi ikiwemo, huongeza akwaporini. Seli inayotaka kuhama huingiza maji upande wa mbele, utando unatuna, inasogea. Mwaka 2005 watafiti walieleza kuhusu panya wasio na akwaporini namba 1: mishipa ya damu ya kulisha uvimbe iliota kwa shida, na uvimbe ukakua taratibu. Kwa hiyo kama kweli mngekuwa na maji yanayozipenya seli za saratani kuliko maji mengine, mngekuwa mnailipia saratani nauli.

Niliwapigia. Jibu: "Mwalimu, sayansi ya shuleni imepitwa na wakati." Namba yangu ikafungiwa. Mjomba naye ananiambia nisiwaite matapeli, eti ni vijana wanaotafuta riziki. Mjomba, shikamoo, lakini hapo hapana.

Nataka 320,000 ya watu irudi. Kwenye risiti mmeandika "huduma ya ushauri", mkadhani hatusomi. Mwingine aliyeuziwa, awe Masasi, Newala au Lindi mjini, aweke hapa picha ya dumu na ya risiti, jina lake afute.

Mama mdogo amekubali kurudi kwenye kemo, anapanda basi Jumatatu. Dumu moja lilikuwa halijafunguliwa, nikalibeba hadi maabara ya shule. Nikakata vipande viwili vya muhogo, kimoja nikakitia humo, kingine kwenye maji ya bomba. Baada ya saa mbili vyote vimekakamaa sawasawa, na wanafunzi wangu wameshindwa kuniambia kipi ni cha shilingi elfu themanini.