Bose wa spika, Bose wa fizikia, Bose wa uwanja wa ndege: ni mtu mmoja?

Mwl_Isevya
Habari za jioni wakuu. Klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Tabora inaandaa ubao wa ukutani, na jina Bose limetuchanganya. Kidato cha sita wanalijua kwenye takwimu za Bose na Einstein (njia ya kuhesabu chembe ndogo zisizotofautishika), wadogo zao wanaliona kwenye spika, na mwingine kalikuta kwenye ramani ya Kolkata, uwanja wa ndege. Kuna kadi imeshaandikwa kwamba Bose "aligundua bosoni, akapigana na Waingereza, kisha akaanzisha kiwanda cha spika". Naomba kujua: ni wangapi, wana undugu, na je, swali letu la chemshabongo "Bose alipata Nobeli mwaka gani?" liko sawa? Nafasi ni manila moja, kadi sita hivi. Mwenye jaribio la darasani lisilo na gharama naye asisite.

MkutubiKanyenye
Shikamoo mwalimu. Hiyo kadi imebeba watu watatu, ivunjeni.

Bose ni jina la ukoo la Kibengali, limeenea sana huko. Ndilo hilo hilo Basu, tofauti ni tahajia tu. Jyoti Basu, aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo la West Bengal kuanzia 1977 hadi 2000, ana jina lile lile. Kwa hiyo kulingana kwa jina hakuthibitishi undugu hata kidogo, na anayetafuta kwenye fahirisi ya kitabu aangalie B-a na B-o zote mbili.

Kadi zangu zingekuwa hizi: Jagadish Chandra Bose (1858–1937), mawimbi ya redio na mimea. Satyendra Nath Bose (1894–1974), huyu ndiye wa bosoni (kundi la chembe ndogo sana, zikiwemo fotoni, yaani chembe za mwanga). Subhas Chandra Bose (1897–1945), mwanasiasa, rais wa chama cha Congress 1938 na 1939, baadaye kiongozi wa Jeshi la Taifa la India lililopigana na Waingereza. Uwanja wa ndege wa Kolkata umeitwa kwa jina lake tangu 1995, zamani ukijulikana kama Dum Dum. Nandalal Bose (1882–1966), mchoraji, ambaye yeye na wanafunzi wake walipamba kwa mkono kurasa za nakala asili ya Katiba ya India. Amar Bose (1929–2013), wa spika, mzaliwa wa Philadelphia, Marekani. Ya sita mpeni Rash Behari Bose (1886–1945), aliyeendesha harakati za uhuru akiwa Japani na kumkabidhi Subhas uongozi mwaka 1943. Hao wawili wa siasa, Subhas na Rash Behari, watu hudhani ni ndugu. Si ndugu.

Sasa kosa linalowapata wengi ni herufi za mwanzo. "S. N. Bose" na "S. C. Bose" zinatofautiana kwa herufi moja, na kibaya zaidi "S. C. Bose" wapo wawili: Subhas Chandra na kaka yake wa kuzaliwa, Sarat Chandra (1889–1950), mwanasheria na mwanasiasa pia. "Chandra" nalo halisaidii kitu, kwa sababu Jagadish analo vilevile. Kwa hiyo andikeni jina la kwanza kwa ukamilifu, kisha miaka: *Bose, Satyendra Nath, 1894–1974*. Heshima nazo zinasaidia kutambua kwenye vitabu: ukiona "Netaji" ni Subhas, ukiona "Acharya" au "Sir" ni Jagadish (alipewa u-Sir mwaka 1917).

Kwenye simu, ukitafuta "Bose" peke yake utaletewa matangazo ya spika kurasa nzima. Weka jina la kwanza na neno la kazi yake.

Fizikia_Mwanga_Kigoma
Mwalimu, swali la Nobeli lifuteni. Hakuna Bose aliyepata Nobeli. Mhindi aliyepata ya fizikia enzi hizo ni C. V. Raman, 1930. Kinachochanganya ni kwamba Nobeli zimetolewa kwa kazi zilizosimama juu ya ile ya Satyendra. Mfano wa wazi ni 2001: Cornell, Wieman na Ketterle waliipata kwa kupoza atomu hadi karibu kabisa na sifuri halisi (nyuzi -273 hivi za Selsiasi, baridi ya mwisho kabisa), zikaingia kwenye ile hali ya maada inayoitwa kondenseti ya Bose na Einstein. Hali hiyo ilitabiriwa 1924–25, ikapatikana maabara 1995. Satyendra alikuwa ameshafariki miaka 21 kabla.

Na kusema "aligundua bosoni" si sahihi. Akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dhaka, mwaka 1924 aliandika makala fupi ya kupata kanuni ya Planck (ya mnururisho wa kitu chenye joto) kwa kuhesabu fotoni kwa njia mpya. Alimtumia Einstein, naye akaitafsiri kwa Kijerumani na kuipeleka kuchapishwa. Jina "bosoni" lilitolewa baadaye na mwanafizikia Mwingereza Dirac kwa heshima ya Bose.

Jaribio lipo, na gharama yake ni visoda viwili na vibakuli viwili.

Andika 1 na 2 juu ya visoda. Waambie wanafunzi waorodheshe kila namna ya kuvigawa kwenye bakuli A na B. Watapata nne: vyote A, vyote B, 1 kwa A na 2 kwa B, 2 kwa A na 1 kwa B. Namna za kukaa pamoja ni 2 kati ya 4, yaani nusu.

Sasa futa namba na useme: hivi ni fotoni, hakuna alama yoyote duniani inayoweza kutofautisha hii na ile. Zile namna mbili za mwisho zinakuwa moja. Zinabaki tatu: vyote A, vyote B, kimoja kimoja. Kukaa pamoja sasa ni 2 kati ya 3. Ukiongeza sharti kwamba bakuli halipokei zaidi ya kimoja, inabaki namna moja tu, na hapo umeingia kwa fermioni, kundi la pili la chembe, kama elektroni.

Mkimaliza ongezeni kisoda cha tatu, vibakuli vibaki viwili. Vyenye namba: namna 8, vyote pamoja ni 2 kati ya 8. Visivyo na namba kwa hesabu ya Bose: namna 4, vyote pamoja ni 2 kati ya 4. Hapo ndipo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba bosoni zina tabia ya kujazana mahali pamoja, na kila zinavyoongezeka, uwiano kati ya hesabu hizo mbili unazidi kuwa mkubwa. Ni hesabu nzuri sana hii, mtu wa kidato cha pili anaimaliza kwa kalamu.

Linaloharibika: darasa likianza kurusha visoda na kurekodi, litapata nusu siku zote, wataona mwalimu kawadanganya. Visoda hata vikifanana rangi ni vitu viwili tofauti, kila kimoja kina mkwaruzo wake. Msirushe. Hesabuni namna tu, na mseme wazi kwamba kila namna imepewa uzito sawa. Hilo ndilo dai la Bose.

FundiRedio_Ujiji
Niongezee kwa Amar, maana kwa sisi mafundi ndiye Bose tunayekutana naye. Baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Kolkata aliyekimbilia Marekani, ndiyo asili ya jina. Amar alifundisha chuo cha MIT hadi 2001, na kampuni aliianzisha 1964. Mwaka 2011 aliipa MIT sehemu kubwa ya hisa kwa sharti kwamba chuo hakitaziuza wala kupiga nazo kura.

Spika yake inayofaa kuchorwa kwenye kadi ni 901 ya mwaka 1968. Ndani kuna spika ndogo tisa: moja inatazama mbele, nane zinatazama nyuma. Alitaka sauti nyingi igonge ukuta kwanza ndipo imfikie msikilizaji, kama inavyokuwa ukumbini. Ndiyo maana hukaa sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani. Ukiibana ukutani besi inavuma, ukiiweka katikati ya chumba zile nane zinakosa pa kugonga.

Wenye nazo hukosea mambo mawili. La kwanza, ina kisanduku chake cha ikwalaiza (cha kusawazisha besi na sauti za juu), hukaa kati ya redio na amplifaya. Bila hicho, besi na sauti kali za juu hupotea, mtu anadhani spika imekufa. La pili, kuanzia toleo la tatu zile tisa zina takribani omu 0.9 kila moja na zimefungwa kwa mfululizo, jumla kama 8. Moja ikikata, boksi lote linanyamaza. Toa waya, pima moja moja. Isiyosoma ndiyo iliyokata. Usiweke mbadala wa omu 8: jumla itakuwa 15.2, na hiyo mpya itabeba zaidi ya nusu ya nguvu yote peke yake hadi iungue. Wanafunzi wa umeme wapeni hesabu hiyo waifanye wenyewe.

Mwl_Isevya
Asanteni sana wakuu. Swali la visoda limeingia ratiba ya Ijumaa. Limebaki la Jagadish: tuandike "mvumbuzi wa redio"?

MkutubiKanyenye
Hapana mwalimu, mtazua ubishi usioisha. Andikeni alichofanya. Mwaka 1895 huko Kolkata alionyesha hadharani mawimbi yasiyoonekana yakigonga kengele na kulipua baruti kwa mbali. Alifanya kazi na mawimbi mafupi mno, hadi milimita 5 hivi, na mwaka 1904 alipata hataza Marekani ya kipokezi cha jiwe la galena. Baadaye akahamia mimea na kutengeneza kresikografu, chombo cha kukuza mwendo wa ukuaji wa mmea ili uonekane. Satyendra alikuwa mwanafunzi wake Presidency College. Huo ndio uhusiano wao, wa mwalimu na mwanafunzi.

Taasisi nazo zina mitego. Bose Institute ya Kolkata aliianzisha Jagadish mwenyewe tarehe 30 Novemba 1917, siku yake ya kuzaliwa. Kituo cha S. N. Bose mjini humo humo ni cha 1986, kimeanzishwa Satyendra akiwa marehemu. Bustani ya mimea ya Howrah yenye ule mti mkubwa wa mbanyani ni ya 1787, ikapewa jina la Jagadish 2009, kwa hiyo msiandike kwamba aliianzisha. Kreta ya mwezini iitwayo Bose nayo ni ya Jagadish.

Chemshabongo badilisheni iwe: "Taja Bose aliyeanzisha taasisi inayobeba jina lake, na Bose ambaye taasisi ilianzishwa kwa heshima yake baada ya kufa."