Sakafu ya treni nyepesi imewezaje kuwa chini hivyo, na mota zimewekwa wapi?

Mwana wa Shela (Malindi):
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nilimsindikiza mama kwenda Addis Ababa kumtembelea dada yangu anayefanya kazi huko, na siku tuliyopanda treni nyepesi ya mjini niliona jambo ambalo limenikaa moyoni hadi leo. Mama ana maradhi ya magoti. Hapa Malindi, akitaka kwenda Mombasa, sharti makanga amshike mkono mmoja nami nimshike wa pili ndipo aweze kupanda matatu. Kule, milango ilipofunguka, aliingia mwenyewe kutoka jukwaani kama mtu atokaye ukumbini kwenda chumbani. Nimezoea kuona sakafu ya kila gari ikikaa juu ya ekseli. Ikiwa imeshushwa kiasi kile, basi mota, ekseli na mitambo ya umeme vimekwenda wapi?

Fundi Umeme (Mombasa):
Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na umpe mama pole. Treni zile, zilizoanza kubeba abiria Septemba 2015, zilitengenezwa Changchun, China, na sakafu yake iliyoshushwa chini ni kiasi cha asilimia 70 tu ya sakafu yote. Mota hufungwa katika fremu za magurudumu zilizo kwenye ncha mbili za gari, na juu ya fremu hizo sakafu huinuliwa; lau mama angetembea ndani kuelekea kwa dereva, angekutana na ngazi. Fremu ya katikati kwa kawaida haina mota, wala magurudumu yake hayaungwi na ekseli iliyonyooka toka upande mmoja hadi wa pili. Kwa hiyo njia ya abiria hupita chini, baina ya magurudumu, nayo magurudumu hufichwa chini ya viti.

Mitambo iliyobaki hupandishwa darini: pantografu inayopokea umeme kutoka kwenye waya, inveta inayougeuza umeme huo uweze kuendesha mota, viyoyozi, na vifaa vinavyounguza umeme wa breki kuwa joto pale usipoweza kurudishwa kwenye waya. Yako magari ambayo sakafu yake ni ya chini toka mwanzo hadi mwisho, kama treni aina ya Citadis za mji wa Casablanca, Morocco, zilizoanza kazi Desemba 2012. Hayo ni magumu zaidi kuyaunda, kwa kuwa mota na breki hufinywa ndani ya nafasi ndogo mno.

Mwalimu Mstaafu (Lamu):
Fundi, naomba unifafanulie. Sisi tuliolelewa na majahazi tunajua kwamba chombo kilichopakiwa juu, na ngama yake haina farumi, yaani mzigo mzito wa chini wa kukituliza, hupinduka. Gari lililobebeshwa mitambo darini husimamaje wima kwenye kona?

Fundi Umeme (Mombasa):
Mwalimu, shikamoo. Farumi yake ni zile fremu za magurudumu: chuma kitupu, mota, breki za kawaida, pamoja na breki za sumaku zinazoning'inia karibu na reli na kuing'ang'ania dereva anaposimama kwa dharura. Vilivyo darini ni vyepesi vikilinganishwa na huo uzito, na kwenye kona kali za mjini gari hupita polepole.

Kwa pwani yetu jambo la kuangaliwa ni chumvi. Anayeishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni anajua jinsi mabati yanavyoliwa. Masanduku ya darini lazima yazibwe barabara, na vikombe vinavyozuia umeme vioshwe, kwani tabaka la chumvi lenye unyevu hupitisha umeme. Casablanca nayo iko ufukweni mwa Atlantiki, na treni zinakwenda. Ninalolisikitikia zaidi ni vipuri: Addis Ababa ilianza na magari 41, na baada ya miaka michache mengi yakasimama kwa kukosa vipuri. Gari linalompa mzee heshima ya kupanda mwenyewe halifai kulala karakana kwa sababu hiyo.

Mwana wa Shela (Malindi):
Ahsanteni sana. Nimeitazama tena picha niliyopiga, na masanduku ya darini yanaonekana wazi; siku ile sikuyatilia maanani. Mama naye anakumbuka kwamba abiria wa mbele walikuwa wameketi juu kidogo kuliko yeye, na kwamba hakutaka kwenda huko kwa sababu aliziona ngazi.